Mke, Mume na Maradhi ya Kiharusi

Mgonjwa wa kiharusi arejeshwapo nyumbani kutoka hospitali, akiwa amenusurika na mauti ilhali nusu ya mwili wake haimtii tena na pengine ulimi wake umekuwa mzito, jamaa na majirani huja kumtazama makundi kwa makundi, huleta sukari na machungwa, humwombea dua, kisha kila mmoja hurudi katika shughuli zake. Abakiye ni mke, au mume, ambaye tangu siku hiyo, pasipo kufundishwa na mtu, amekuwa mwuguzi. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yake.

Kiharusi ni dhara ya ubongo, wala si ya mkono au mguu. Mshipa upelekao damu katika sehemu fulani ya ubongo huziba, au hupasuka, na sehemu ile huharibika. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kuume wa mwili, na ndio pia maskani ya lugha kwa watu walio wengi, aliyepooza mkono wa kuume aghalabu hupotewa na maneno vilevile. Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na wilayani Hai kati ya mwaka 2003 na 2006 ulidhihirisha kwamba maradhi haya, yaliyodhaniwa zamani kuwa ya mataifa tajiri, yamekita mizizi kwetu, na mjini kuliko shamba. Wako wasemao ni upepo au jini, nami sikusudii kugombana na wazee: dua isomwe, na kombe linywewe ikiwa mgonjwa anameza bila ya kupaliwa, lakini vidonge visiachwe hata siku moja, na mchuaji asiruhusiwe kulivuta bega lililolegea wala kuukanda kwa maji ya moto mwili usiohisi, maana ngozi huungua na mwenyewe asijue.

Nafuu huja kwa haraka zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, kisha mwendo wake hupungua. Walakini kupungua si kukoma, na asisikilizwe mtu asemaye kwamba lisilorudi katika miezi 6 halitarudi abadani, kwani wako waliopata kushika kikombe tena baada ya mwaka na zaidi. Sehemu za ubongo zilizosalimika zaweza kujifunza kazi za zile zilizoharibika, ila hazijifunzi kwa kutazama wala kwa kupakwa mafuta. Hujifunza kwa kiungo chenyewe kutumika, mara nyingi sana, katika kazi ambayo mgonjwa mwenyewe anaitaka.

Hapa ndipo mapenzi yawezapo kudhuru. Mke amwonapo mumewe akihangaika na kifungo kimoja cha shati mpaka jasho likamtoka, huingiwa na huruma akamfungia, kesho akamlisha, kesho kutwa akawajibu wageni maneno ambayo mwenyewe alikuwa bado anayatafuta, na baada ya muda, pasipo mtu kukusudia ubaya, nyumbani mna mtu mzima ambaye hapana neno lolote analotarajiwa kulitenda. Ampe muda badala ya mkono. Amwamshe mapema ili kuvaa kusifanywe kwa haraka, amwachie kijiko ingawa nusu ya wali itamwagika, na msaada uje pale tu ambapo nguvu za mgonjwa zimekoma kwelikweli. Najua kwamba shauri hili ni jepesi kuandikwa kuliko kutendwa asubuhi ambapo watoto wanangoja chai na maji hayajatekwa.

Si kwamba aachwe aanguke. Atembeapo, mwuguzi asimame upande uliopooza, nyuma kidogo, na fimbo iwe katika mkono wenye nguvu. Ngazi hupandwa kwa kutanguliza mguu mzima na kushukwa kwa kutanguliza ule dhaifu. Nguo huvaliwa mkono mgonjwa kwanza, na huvuliwa mkono mzima kwanza. Asiinuliwe kamwe kwa kuvutwa mkono uliopooza au kwa kushikwa kwapani, kwa sababu bega lisilo na misuli ya kulizuia huchomoka kidogo kidogo, na maumivu yake yaweza kudumu miaka. Penye choo cha shimo, fundi seremala atoboe kiti cha mbao chenye mikono. Na asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, huku visigino, nyonga na sehemu ya juu ya makalio vikikaguliwa. Sharia imemruhusu mgonjwa kusali kwa kukaa au kwa kulala, na nyumba nyingi zimeona wepesi kuyafungamanisha mazoezi ya viungo na nyakati za sala, yasije yakasahauliwa.

Akohoaye anywapo maji, au sauti yake ikawa ya majimaji baada ya kula, huenda chakula kinapotea njia kuelekea mapafuni. Aketishwe wima, apewe kidogo kidogo, uji mzito kabla ya maji matupu, asilazwe mpaka nusu saa ipite, na tabibu aarifiwe.

Aliyepotewa na maneno hajawa kiziwi wala hajarudi utotoni. Mara nyingi mtu ashindwaye kuomba maji huweza kuhesabu mpaka 10, au kusoma sura aliyoihifadhi chuoni, au kuimba, kwani hayo ubongo huyahifadhi kwa namna nyingine. Yawe mlango wa kuanzia. Aulizwe swali moja moja, lijibikalo kwa ndiyo au siyo. Kilio au kicheko kimtokacho ghafula bila ya sababu ni sehemu ya maradhi. Lakini huzuni ikaayo majuma, ambayo huwapata takriban theluthi ya wagonjwa, ina matibabu, na isiitwe udhaifu wa imani.

Kuna jambo ambalo haya huwazuia wengi kuliuliza, nalo ni unyumba. Hali ya mgonjwa ikishatulia na shinikizo la damu likadhibitiwa, aghalabu hapana hatari ya kuurejea. Wamwulize tabibu faraghani, wala mume asinunue dawa za nguvu barabarani. Mke aliyegeuzwa kuwa mtumishi wa kuosha na kulisha peke yake, asibakiwe na saa ya kuwa mke, huchakaa upesi.

Naye achukuliwe zamu. Ndugu wasemao "pole" wapewe usiku mmoja wa kulala hapo. Wafundishwe pia dalili za kiharusi cha pili: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuvurugika. Waangalie saa dalili zilipoanza na wakimbilie hospitali bila ya kungoja kuche, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, palipo nayo, haina budi kutolewa kabla ya muda wa saa 4 na nusu kupita.

Na siku ya kliniki, mwuguzi naye anyooshe mkono apimwe shinikizo la damu. Wawili hao wamekula chungu kimoja, chenye chumvi ile ile, kwa miaka mingi, na kipimo chake kikirudia kufika 140 kwa 90 au kupita, aandikishwe jina lake siku hiyo hiyo.