Mpwa wangu anauliza kama mchezo umekwama

*Nina chumba cha gemu hapa Garsen, PS4 mbili, natoza shilingi 20 kwa mechi ya dakika kumi. Mimi nilikulia kwenye Final Fantasy. Vijana wakiiona kwenye skrini wanauliza kama imekwama. Mpwa wangu wa miaka 14 aliishika siku moja, hata muda wa mechi moja haukwisha, akarudi kwa FIFA. Roho inaniuma. Nimekosea wapi, ama ni kizazi hiki kisicho na subira?*
*— Mjomba, Garsen*

Kaka, hapo pa "imekwama" nimecheka peke yangu, maana mtoto hakusema uongo. Final Fantasy X ikiwa kwenye mapigano, watu wote wanasimama wima wakingoja uwaamrishe. Kwa aliyezoea mpira unaokimbia dakika zote, hiyo ni televisheni mbovu.

Lakini hebu tupige hesabu yako kwanza. Shilingi 20 kwa dakika kumi ni 120 kwa saa. Hadithi ya Final Fantasy X inakula saa 40 hivi, kwa anayeharakisha. Hizo ni shilingi 4,800. Mtoto gani wa Garsen atatoa 4,800 ajue mwisho wa hadithi? Mechi ya FIFA ina mwisho wake, ina mshindi, na aliyefungwa anampisha mwenzake. Bei yako imepangwa kwa mpira, kisha unashangaa wanacheza mpira.

Kuna na lile la kuhifadhi. Mimi nilijifunzia Final Fantasy VII kwenye chumba kama chako, Mombasa, kadi ya kumbukumbu moja kwa mtaa mzima. Nilirudi Jumamosi nikakuta mtu amehifadhi ligi yake ya mpira juu ya majuma yangu matatu. Sijamsamehe hadi leo, na simjui.

Huko Japani nako watengenezaji wamejikwaa wenyewe. Mchezo wa kwanza ulitoka 1987. Wewe na mimi tulibahatika: VII ilitoka 1997, VIII 1999, IX 2000, X 2001. Hukumaliza kusimulia huu, mwingine umebisha hodi. Sasa tazama: XV ilitoka Novemba 2016, XVI ikaja Juni 2023. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2017 alikuwa Gredi ya 7 ndipo mwingine wenye namba mpya ulipofika, nao ulianzia kwenye PS5 peke yake, mashine ambayo huna. Mchezo unaokaa miaka karibu saba bila namba mpya, mtoto ataupendea wapi?

Naoki Yoshida, aliyesimamia XVI, alikataa kabisa kupigana kwa zamu, akieleza kwamba vijana wengi hawaoni utamu wa kuchagua amri kwenye orodha. Hapo sikubaliani naye sana. Nenda chini ya mwembe wowote hapo Garsen, utakuta vijana wameinamia drafti, vifuniko vya soda kwa kete, wanangoja zamu bila kupepesa. Na wapo wanaocheza Genshin Impact kwa simu: hadithi ndefu, mashujaa, mapanga, vile vile, ila tangu 2020 inapakuliwa bure. Subira wanayo. Walichokosa ni mlango.

Ile namba nayo inawatisha. Kijana akiona XVI anadhani amekosa kumi na tano za mwanzo, kumbe karibu kila moja ni hadithi yake, na watu wake. Hapo kwenu kwenye mdomo wa mto, Ozi na Kipini, watu wanasimuliana habari za shujaa Fumo Liyongo vizazi kwa vizazi. Mtoto husikia kwanza ule mkate wa wishwa wenye tupa ndani, aliopelekewa Liyongo gerezani, anapenda, ndipo anauliza mengine. Hakuna anayemwambia aanzie ukurasa wa kwanza.

Basi usimwanzishe mpwa wako na X. Pakua Final Fantasy VII ile ya zamani kwenye PS4. Ukibonyeza kijiti cha kushoto cha pedi, inakwenda mara tatu ya kasi yake. Inaanza na treni, bomu, na dakika kumi za kukimbia kabla mtambo haujalipuka. Mfungulie akaunti yake mwenyewe, asifutiwe kama mimi. Jumamosi asubuhi, chumba kikiwa kitupu, toza shilingi 50 hadi adhuhuri, na waingie watatu kwa pedi moja: mmoja acheze, mmoja asome Kiingereza, wa tatu afasiri kwa Kipokomo au Kiorma au Kiswahili. Watagombana juu ya tafsiri, na huo ndio utamu wenyewe. FIFA usiiguse. Ndiyo inayokulipia stima.

Neno moja la mwisho. Kwenye ule mtambo kuna nge wa chuma, na maneno ya Kiingereza yalifasiriwa vibaya, yanasomeka kana kwamba unatakiwa umpige mkia ukiwa juu. Ukimpiga wakati huo, anakurudishia leza. Wewe unajua, mimi najua. Usimwambie mpwa wako.