GHALA LIJAZWE KABLA YA MAAFA
Darasa juu ya sadaka, zaka na wakfu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: tumeulizwa na baadhi ya wanaohudhuria darasa letu, ambao wana watoto na jamaa zao huko Nkoroi, suali hili: Watu wa mji ule wakitaka kuweka ghala la chakula cha kuwasaidia waliofikwa na ukame na mafuriko, je, yafaa sisi tulio pwani tuwapelekee zaka zetu? Na ikiwa haifai, tuchangie kwa mlango gani?

Nkoroi ni mji wa Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara ya Magadi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian. Wakaazi wake ni watu wa kila kabila na kila dini. Wafugaji wa Kajiado wameona ukame ule ule walioonja ndugu zetu wa Ganze na Kinango. Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa ni janga la taifa mwezi wa Septemba 2021, na misimu ya mvua ikaendelea kukosekana hata mwisho wa 2022. Katika sehemu kame za Kenya walikufa wanyama wa kufugwa zaidi ya milioni 2. Kisha mambo yakageuka. Mvua za masika ya 2024 zikaua watu zaidi ya 280 katika nchi nzima. Mto Athi ukafurika, na watu wa Kitengela, katika kaunti ile ile, wakazingirwa na maji majumbani mwao hata wakaokolewa na Msalaba Mwekundu. Nchi moja imeona kiu na gharika, na baina yake hapakupita miaka miwili.

Sasa tutazame desturi yetu katika kutoa. Maji yakiingia majumbani, picha zikaonekana katika televisheni na simu, mioyo yetu hulainika. Magunia ya unga hukusanywa msikitini, lori hupakiwa, na Mungu awalipe kheri waliotoa. Lakini wiki ya tatu mtoaji amekwisha kusahau, na mwenye nyumba iliyoanguka njaa yake ndiyo kwanza yaanza. Kibarua hana kazi, mbegu zimechukuliwa na maji, duka la jirani halikopeshi tena. Sadaka yetu huja kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo, lakini tumbo la mwanadamu hudai kila siku.

Dawa yake ni ghala lililojazwa kabla, ambalo siku hizi huitwa benki ya chakula. Wengine hudhani ni jambo geni lililoanza Marekani, kwa kuwa huko Phoenix, katika jimbo la Arizona, mtu aitwaye John van Hengel alianzisha la kwanza la namna yake mwaka 1967, akikusanya chakula kizima ambacho maduka yalikuwa yakikitupa. Hata Kenya lipo shirika la Food Banking Kenya, ambalo huchukua mboga na matunda yaliyobaki mashambani na kuwafikishia wenye haja. Kazi hiyo ni njema. Lakini sisi Waislamu hatukupaswa kungoja kufundishwa. Katika Sura ya Yusuf tumeelezwa namna Nabii Yusuf alivyowaelekeza Wamisri waweke nafaka katika mashuke yake miaka ya neema, ili wale katika miaka ya shida. Na Sayyidna Umar, mwaka wa 18 wa Hijra, njaa ilipoikumba Madina na pande zake, aliwaandikia maliwali wa majimbo walete chakula, na yeye mwenyewe akajinyima samli mpaka watu wapate nafuu. Tena wanahistoria wamepokea kuwa aliweka nyumba ya unga, ndani yake mna unga, tende na zabibu, kwa ajili ya wageni na wasafiri waliokatikiwa na njia. Hiyo ilikuwa nini kama si benki ya chakula?

Tukirejea kwenye suali, jawabu ina milango mitatu.

Kwanza, zaka. Zaka ina wenyewe, nao ni mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba. Katika madhehebu yetu ya Shafi haijengewi ghala, wala haipewi asiyekuwa Mwislamu, wala haicheleweshwi bila ya udhuru. Na Zaka ya Fitri hutolewa kabla ya sala ya Idi; haifungiwi ghalani ikingoje mafuriko ya Aprili. Basi mwenye zaka na ampe fakiri na maskini mkononi mwake, na Nkoroi wapo.

Pili, sadaka. Mlango huu ni mpana. Sadaka hupewa Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, na Qur'ani imewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, na mfungwa wa siku zile alikuwa ni katika makafiri. Hivyo ghala la Nkoroi lisimame juu ya sadaka, ili mama wa Kimasai asiulizwe dini yake mlangoni. Na fedha za zaka ziandikwe katika daftari mbali, zisichanganywe.

Tatu, wakfu. Chakula chenyewe hakiwekwi wakfu kwa kuwa huliwa kikaisha. Lakini chumba cha duka au nyumba ya kupangisha yawekwa wakfu: asili yake ikabaki, na kodi yake ikalilisha ghala mwaka hata mwaka. Wazee wetu wa miji ya pwani waliacha wakfu nyingi kwa misikiti. Ni nani katika sisi aliyeweka wakfu kwa ajili ya njaa?

Hapa yuko atakayesema: "Mimi nitatoa unga, lakini sitoi fedha za kulipia mlinzi, lori wala karani, hizo huliwa na watu." Ndugu yetu, unga haujitunzi. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoingia sumu ya ukungu kwa kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi lazima yakaushwe, yapimwe, yawekwe juu ya vichaga vya mbao mbali na sakafu, na ya zamani yatoke kabla ya mapya. Yote haya yataka fedha. Basi shilingi inayolipa kodi ya ghala ni sadaka kama shilingi inayonunua unga. Na khofu ya kuliwa mali dawa yake ni hesabu: kilichoingia kiandikwe, kilichotoka kiandikwe, na mahesabu yabandikwe ukutani kila mwezi. Nabii Yusuf alipoomba kusimamia hazina za nchi alitaja sifa mbili, kuhifadhi na kujua. Mwaminifu asiyejua kazi ataozesha nafaka, na mjuzi asiye mwaminifu ataiuza.

Na atakayesema hana kitu, na atazame masufuria ya pilau katika hitima zetu. Hatukatazi kumwombea maiti. Lakini Mtume (s.a.w.) aliamrisha jamaa wa Jaafar wapikiwe chakula kwa kuwa wamefikwa na msiba; sisi tumeligeuza jambo, aliyefiwa ndiye akopaye ili atulishe tulioshiba. Mbuzi mmoja wa hitima akipunguzwa katika kila nyumba, fedha yake yatosha kulianza ghala.

Basi tumewausia wenzetu wenye jamaa Nkoroi, na twajiusia nafsi zetu, kwa kuwa Mombasa na Malindi nazo zaingia maji: kila mmoja ajiwekee kiwango anachokiweza, atoe kila mwezi, jua liwake au mvua inyeshe. Kidogo kinachodumu ndicho apendacho Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq.