Je, Mdogo Wake Naye Atacheua?

Somo hili ni la vikundi vya akina mama, akina baba wenye watoto wachanga, na wahudumu wa afya wa vijijini. Lisomeni pamoja polepole, kisha mzungumzie maswali yaliyo mwishoni.

SWALI LENYEWE

Mama ana mimba ya pili. Anakumbuka jinsi mtoto wa kwanza alivyocheua mchana na usiku, kila leso ikanuka maziwa. Sasa anajiuliza: "Huyu anayekuja naye atakuwa vivyo hivyo?" Nyuma ya swali hilo kuna mengine mazito zaidi: "Ni damu yetu? Au ni maziwa yangu mabaya?" Na pengine majirani wameshatoa hukumu: "Ah, kwa boma ile watoto wote hutapika."

Jibu kwa ufupi ni hili. Huenda naye akacheua, kwa sababu watoto wengi duniani hucheua. Si laana, wala si maziwa mabaya. Lakini yako magonjwa mawili yanayofanana na kucheua ambayo kweli hufuata ukoo. Kwa hiyo kila mtoto atazamwe kivyake.

KUCHEUA NI NINI?

Maziwa hupita kooni, yakashuka kwenye umio, yakaingia tumboni. Pale umio unapokutana na tumbo kuna msuli wa mviringo unaofunga njia, kama gunia lililofungwa kamba mdomoni. Kwa mtoto mchanga kamba hiyo hulegea mara kwa mara. Tena chakula chake ni maziwa matupu, tumbo lake ni dogo, na muda mwingi amelala. Basi maziwa hurudi juu kwa urahisi, kama debe lililojaa pomoni likiinamishwa kidogo.

Mtoto anayecheua hatumii nguvu. Maziwa humtoka tu mdomoni, naye pengine anacheka. Kutapika ni kitu kingine: tumbo hujikaza, mtoto hujinyonga, na chakula hutoka kwa nguvu. Jifunzeni kutofautisha haya mawili.

HESABU INASEMAJE?

Mwaka 1997 madaktari wa watoto wa eneo la Chicago, Marekani, walichapisha habari za watoto 948 wenye afya njema. Nusu ya wale wa chini ya miezi mitatu walikuwa wakicheua angalau mara moja kwa siku. Wakiwa na miezi minne, walikuwa karibu 67 kwa kila 100. Walipofika miezi 10 hadi 12, walibaki 5 tu kwa kila 100.

Hebu sasa tufanye hesabu. Ikiwa watoto sita au saba kati ya kumi hucheua, basi mtoto wako wa pili ana nafasi zaidi ya nusu ya kucheua hata kabla ya kuuliza kama kaka yake alicheua. Mama mwenye watoto wanne asishangae wawili au watatu wakicheua. Hiyo ndiyo kawaida ya watoto wachanga. Na wengi wao huacha wenyewe, wakishaanza kuketi, kusimama na kula chakula kizito.

NA DAMU JE?

Damu ina sehemu yake. Kwa watu wazima wenye kiungulia cha kila mara, uchunguzi wa mapacha huko Sweden mwaka 2002 na Uingereza mwaka 2003 ulionyesha kwamba urithi huchangia, ingawa chakula, uzito wa mwili na mambo mengine huchangia zaidi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichunguza jamaa chache zenye watoto walioumwa vikali na ugonjwa huu, wakaona dalili ya urithi katika kromosomu ya 13. Wengine walipotafuta jambo hilo hilo katika jamaa nyingine hawakuliona.

Kwa hiyo, kama mtoto wako wa kwanza alicheua tu huku akinenepa vizuri, hakuna kipimo cha kukuambia mdogo wake atakuwaje.

Lakini kuna vitu vinavyorudi kwa mtoto wa pili bila kupitia damu. Ni mazoea ya nyumba. Kama wa kwanza alijazwa maziwa kwa chupa mama alipokwenda kuchuma majani chai au kahawa, huenda na wa pili akajazwa. Kama baba huvuta sigara ndani ya nyumba, moshi ule ule utamkuta huyu naye. Pia mama aliyewahi kuzaa kabla ya wakati ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa hivyo tena, na watoto njiti hucheua zaidi. Mazoea, tofauti na damu, yanaweza kubadilishwa.

MAGONJWA MAWILI YANAYOFUATA UKOO

La kwanza ni kuziba kwa mlango wa chini wa tumbo. Msuli wa mlango huo hunenepa mpaka maziwa hayapiti kwenda matumboni. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na wiki mbili hadi nane. Anatapika kwa nguvu, maziwa yanaruka mbali, kisha papo hapo anataka kunyonya tena kwa njaa. Anapungua uzito na kukojoa kidogo. Huwapata zaidi wavulana, hasa wazaliwa wa kwanza.

Ugonjwa huu hufuata ukoo kweli kweli. Huko Denmark waliangalia kumbukumbu za karibu watoto milioni 2 waliozaliwa kati ya 1977 na 2008. Mtoto ambaye ndugu yake aliupata alikuwa na hatari zaidi ya mara 15 kuliko mtoto mwingine. Hata hivyo msiogope kupita kiasi: ugonjwa wenyewe ni wa watoto wachache katika kila elfu, na hata katika familia kama hiyo wengi huzaliwa wazima. Dawa yake ni upasuaji mdogo, na mtoto hupona kabisa. Asipopelekwa, hukauka maji na kufa.

La pili ni mzio, yaani aleji, wa maziwa ya ng'ombe. Hapa kwetu ng'ombe wa maziwa wako katika boma nyingi, na mtoto mchanga huonjeshwa mapema. Mtoto mwenye mzio huu anaweza kutapika, kuharisha, kutoa damu kwenye choo au kutokwa na vipele. Watoto wa familia zenye pumu na ukurutu hupata mizio zaidi. Huyu hahitaji kuachishwa ziwa. Wakati mwingine muuguzi au daktari humwambia mama aache maziwa ya ng'ombe kwa wiki mbili hadi nne, kisha ayajaribu tena, waone tofauti.

Kwa hiyo unapokwenda kliniki ya wajawazito usimwambie muuguzi tu, "Wa kwanza alitapika." Mweleze: alitapika namna gani, akiwa na umri gani, alipungua uzito au la, alipasuliwa au la. Maneno hayo manne yanamsaidia sana.

MITEGO MIWILI

Mtego wa kwanza ni hofu. Mama aliyechoshwa na mtoto wa kwanza anaanza kumtibu wa pili kabla hajaugua. Anamwachisha ziwa, anampa uji wa wimbi akiwa na miezi miwili "ili maziwa yashike," au ananunua dawa dukani. Dawa za kupunguza asidi hazimsaidii mtoto anayecheua tu, na zinaweza kuongeza hatari ya homa ya mapafu na kuharisha. Wengine, hapa Kenya na Tanzania, hupeleka mtoto akakatwe kimeo. Ati kwa sababu wa kwanza alikatwa akapona! Kumbe wa kwanza alikuwa amefika umri wa kuacha kucheua. Kimeo hakizuii maziwa tumboni. Kukikata huleta kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine, na watoto wamekufa kwa jambo hilo.

Mtego wa pili ni mazoea, nao ni mbaya vile vile. Mtoto wa pili anatapika rangi ya kijani, na nyanya anasema, "Wacheni, hata kaka yake alikuwa hivyo." Saa zinapita. Matapishi ya kijani ni nyongo, na kwa mtoto mchanga huweza kuwa ni matumbo yamejisokota. Hapo hakuna kungoja asubuhi.

Tutajuaje basi? Kadi ya kliniki ndiyo shahidi. Mtoto anayecheua na mstari wake wa uzito unapanda ni mzima. Kazi yako ni kufua tu. Mtoto ambaye mstari umelala au unashuka ana shida, hata kama anacheua kidogo. Kati ya 1984 na 1986 watafiti wa lishe walifuatilia familia za Embu, wakaona kwamba kudumaa kulianza mapema, katika miezi ya mwanzo ya maisha, mtoto akiwa bado ananyonya. Ndiyo maana kumpima mtoto kila mwezi si kupoteza wakati.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Mnyonyeshe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Wakenya wamepiga hatua hapa: mwaka 2003 walionyonya hivyo walikuwa 13 kwa kila 100, na mwaka 2022 walifika 60.

2. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, na uhakikishe ameshika ziwa vizuri ili asimeze hewa.

3. Mcheulishe hewa akiwa begani, kisha umshike wima kwa muda wa nusu saa. Baba, nyanya au dada mkubwa anaweza kufanya hivyo mama apumzike.

4. Usimfunge leso kwa kukaza tumboni, wala kumrusharusha akiwa ameshiba.

5. Alale chali, mahali tambarare, hata kama anacheua. Usimlaze kifudifudi. Akilala chali, koo lake lina namna ya kujikinga asipaliwe.

6. Mama akienda kazini, akamue maziwa, na mtoto alishwe kwa kikombe safi. Asilazimishwe kumaliza.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mtoto hospitalini mara moja ukiona moja ya haya:
- Matapishi ya kijani au yenye damu.
- Anatapika kwa nguvu kila baada ya kunyonya.
- Hakojoi kama kawaida, au utosi umebonyea.
- Utosi umevimba, ana homa, au amelegea na hataki kunyonya.
- Tumbo limevimba na kuwa gumu.
- Anapaliwa, anabadilika rangi, au pumzi inakatika.

Na hata kama hana dalili hizo, apelekwe kuonwa ikiwa haongezeki uzito, ikiwa alianza kutapika baada ya miezi sita, au ikiwa bado anacheua sana baada ya mwaka mmoja.

Uwe karibu na Maua, Nkubu, Chogoria, Kyeni au Embu mjini, zungumza na mume na majirani mapema: usiku wa manane ni nani atatoa gari au pikipiki? Beba kadi ya mtoto.

NENO KWA AKINA BABA

Mke wako hakuleta kucheua katika boma yako. Mtoto akicheua, msaidie kumshika na kufua. Akiwa na dalili ya hatari, usiseme "tungoje siku ya soko niuze kitu." Deni hulipwa baadaye.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika kijiji chetu watu husema nini juu ya mama ambaye watoto wake hucheua? Maneno hayo yanamsaidia au yanamwumiza?

2. Eleza tofauti ya kucheua na kutapika. Mmoja wenu aonyeshe kwa mfano wa debe la maji.

3. Leteni kadi za watoto. Someni mistari ya uzito pamoja. Ni mtoto gani anahitaji kuonwa na muuguzi wiki hii?

4. Kama mtoto atatapika kijani usiku wa leo, atafikaje hospitalini? Pangeni majina ya watu na nambari za simu kabla ya kufunga mkutano.