Miguu ya Punda Wakati wa Matope



Masika yakiingia hapa Mombasa, kuanzia Machi hadi Juni, maji husimama barabarani na njia za mashambani huwa tope tupu. Sisi wa Kizingo twatafuta viatu vya mvua. Punda je? Yeye yumo matopeni kutwa, na jioni hulala palepale penye maji.

Tujiulize: kikundi chenye punda mmoja na mkokoteni mmoja, punda akichechemea wiki mbili itakuwaje? Maji hayauzwi, mchanga haubebwi, karo ya watoto hailipwi. Watu husema, "Punda afe, mzigo ufike." Sawa, lakini mzigo wa kesho nani ataubeba? Basi leo tujifunze ugonjwa wa ngozi unaompata punda, na farasi pia, wakati wa matope.

1. UGONJWA WENYEWE

Huanza nyuma ya mguu, pale juu ya kwato. Nywele hushikana vifungu vifungu. Chini yake kuna vigaga, na chini ya kigaga ngozi ni nyekundu, yatoa majimaji au usaha. Punda anayenyeshewa sana huweza kuupata hata mgongoni.

Matope peke yake hayali ngozi. Ngozi ikilowa siku nyingi hulainika, kama vidole vya mtu anayefua nguo. Mchanga huikwaruza, kisha vijidudu huingia. Kimojawapo huitwa Dermatophilus congolensis. Jina hilo latokana na Kongo, ambako daktari wa mifugo Van Saceghem alikieleza mwaka 1915, alipokikuta kwa ng'ombe. Hushika pia mbuzi na kondoo, na mara chache hata mtu.

Kijidudu hiki hukaa ndani ya kigaga kikavu muda mrefu, kikingoja maji. Kikilowa, chaamka. Kwa hiyo adui yetu mkubwa ni unyevu. Na manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi.

2. TUMTIBU VIPI?

(a) Mtoeni matopeni, mumpumzishe mahali pakavu.
(b) Vaeni glavu. Punguzeni nywele penye ugonjwa kwa makasi.
(c) Lainisheni vigaga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Vinavyotoka vyenyewe viondoeni. Vilivyoshika viacheni hadi kesho. Vilivyotoka vichomeni moto, msivitupe bandani.
(d) Osheni kwa dawa ya vidonda yenye klorheksidini au ayodini, mkiichanganya na maji kama kibandiko kinavyoeleza. Ngojeni dakika 10, kisha suuzeni.
(e) Kausheni kabisa kwa kitambaa safi. Mkiacha hatua hii, kazi yote ni bure.

Rudieni kila siku kwa wiki moja hivi, mpaka ngozi ipone.

3. TUSIFANYE HAYA

Tusipake oili chafu ya gari wala maji ya betri. Huunguza ngozi, na oili hufungia uchafu ndani. Tusibandue vigaga kwa nguvu. Na tusimwoshe punda kila jioni kisha tukamwacha amelowa, ati tumemsafisha. Hata akiogeshwa baharini, miguu ikaushwe.

4. DAKTARI AITWE LINI?

Mguu ukivimba, punda akichechemea au akiacha kula, au wiki ikipita bila nafuu, iteni daktari wa mifugo. Joto la punda mzima huwa karibu 37. Likipita 38, msingoje. Sindano zisinunuliwe kwa kubahatisha. Ulizeni pia chanjo ya pepopunda, maana kidonda cha mguu ni mlango wake. Kule Lamu, ambako punda ndiye gari la mji, shirika la The Donkey Sanctuary lilifungua zahanati ya punda mwaka 1987. Kwingine, anzeni na afisa wa mifugo wa eneo lenu.

5. KINGA NI KAZI YA KIKUNDI

Mtu mmoja peke yake huenda asimudu banda. Kikundi chaweza. Inueni sakafu kwa kokoto na mchanga, ezekeni makuti, chimbeni mtaro wa maji. Tope likiwa miguuni, liacheni likauke, kisha lipanguseni kwa burashi. Kila punda awe na kamba na kitambaa chake. Chupa ya dawa inunuliwe kwa mchango kabla ya mvua, na kila jioni mwenye zamu ashike miguu yote minne kwa mkono. Nywele huficha mengi, vidole havidanganyiki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Punda wetu hulala wapi mvua ikinyesha? Twendeni tukapaone pamoja.
2. Nani atashika zamu ya jioni wiki hii?
3. Siku moja ya punda kutofanya kazi yatugharimu shilingi ngapi? Na dawa je?