SIRI YA BARUTI NA SIRI YA SHINKOLOBWE



Katika somo hili tutaongea kwanza juu ya kitabu cha hadisi, kisha tutarudi kwetu Katanga. Labda mumoja atauliza: hadisi ya mambo yasiyokuwako inatusaidia nini? Tunamuomba avumilie kidogo. Atakapofika mwisho atajibu mwenyewe.

1. Kitabu chenyewe

Kitabu kinaitwa Lord Kalvan of Otherwhen, kilitoka mwaka 1965. Mwandikaji wake, H. Beam Piper wa Marekani, alikufa mwaka 1964, mbele kitabu hakijatoka. Yeye hakusoma universite. Alikuwa mulinzi wa usiku katika kiwanja cha treni pale Altoona, na alijifundisha mwenyewe kwa kusoma.

Piper anawaza kwamba dunia si moja tu. Kuko dunia nyingi zinazoenda pamoja. Angalieni reli ya treni: vyuma viwili vinafuatana kilometa na kilometa, viko karibu karibu, lakini havikutani hata siku moja. Ndivyo zilivyo dunia hizo. Milima ni ile ile, mito ni ile ile, lakini historia ni ingine. Tunaziita dunia sambamba.

Polisi mumoja, Calvin Morrison, anatupwa kwa ajali katika dunia ingine. Huko watu wanapigana na bunduki, lakini hawajui kutengeneza baruti. Wanaojua ni makuhani wa hekalu moja, Nyumba ya Styphon. Wanasema baruti ni muujiza wa mungu wao. Mufalme anayewatii, wanamuuzia. Anayewakatalia, wanamukatia, na adui zake wanapewa nyingi ili wamumalize. Calvin anafika katika inchi ndogo ya Hostigos, ambayo imekwisha kukatiwa. Anawaambia wakubwa wake: muujiza hakuna. Ni shura (ile chumvi ya udongo), ni salfa, ni makaa. Basi! Anawafundisha kuchanganya, na tangu siku ile nguvu ya hekalu inaanza kuvunjika.

2. Siri ya pili

Lakini katika kitabu kile kile kuko siri ingine. Kuko watu wa dunia moja ambao walikwisha kumaliza mali yote ya inchi yao. Wakapata mashine ya kuvuka kwenda dunia zingine. Wanaingia kwa kujificha, wanachukua mali, wanarudi kwao. Wenyeji hawajui kitu. Polisi wa watu hao wanalinda siri, hata kwa kuua. Calvin alitupwa na mashine yao, kwa hiyo mukubwa wa polisi hao, Verkan Vall, anamufuata kuona kama anapashwa kufa. Anakuta kwamba Calvin hakusema neno juu ya mashine. Aliwaeleza watu kwamba wachawi ndio walimuleta. Basi anaachwa aishi.

Tulipozungumza juu ya jambo hili tulibishana sana. Mutu ule ule anavunja siri moja na anachunga ingine. Wengine walisema: ni mwoga. Wengine walisema: ana akili. Tutarudia ulizo hilo, maana hadisi hii inagusa inchi yetu.

3. Siri ya kwetu

Piper aliandika hadisi yake ya kwanza ya dunia sambamba mwaka 1948, katika gazeti la Marekani lililoitwa Astounding Science Fiction. Miaka mine mbele, Machi 1944, wakati wa vita, gazeti lile lile lilitoa hadisi ya Cleve Cartmill juu ya bomu ya uraniumu. Watu wa usalama wakaenda kumuuliza mukubwa wa gazeti, John W. Campbell: habari hii mumeipata wapi? Akawajibu kwamba yote ilikwisha kuandikwa wazi na wataalamu mbele ya vita. Ndiyo kusema, mutu wa New York aliyejua kusoma aliweza kukisia siri ile.

Na uraniumu yenyewe ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, karibu kilometa 20 kutoka Likasi. Kutoka hapa Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120 tu. Mugodi ule ulivumbuliwa mwaka 1915. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa karibu peke yake duniani kuuza radiumu, dawa ya bei kali, iliyotoshwa katika mawe ya Shinkolobwe kule Olen, Ubelgiji. Nyumba ya Styphon ilifanya biashara namna ile ile: mwenye kitu ni mumoja, na bei ni yake.

Mwaka 1940 mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma karibu tani 1,200 za mawe hayo New York. Mwezi wa tisa 1942 jeshi la Marekani lilikuja kuyanunua, kisha likasaidia kufungua mugodi tena. Jina la Shinkolobwe likatoshwa katika ramani. Watu wa kwetu walichimba, walichagua mawe kwa mikono, walijaza mifuko. Hakuna aliyewaambia kazi ile ni ya nini. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu ya uraniumu ilianguka Hiroshima.

Hapo tuliona kwamba Piper hakuwaza bure. Watu wa mbali wanachukua mali, na wenyeji hawajui kitu. Dunia mbili zilikuwa hapa Katanga, mugodi mumoja, kama reli mbili.

4. Tunajifunza nini?

Tusiseme kwamba kila siri ni mbaya. Namna ya kutengeneza bomu, si neno la kutangaza sokoni. Lakini tupime kila siri kwa maulizo mawili: nani anakula kwa siri hii? Na nani anakufa kwa sababu hajui? Calvin alivunja siri ya baruti kwa sababu Hostigos ilikuwa karibu kufa. Ile ya mashine, kuitangaza hakungemuponya mutu siku ile.

Kwa kipimo hicho, hatari ya mawe haikupashwa kufichwa kwa yule aliyeyabeba. Katika uraniumu kunatoka gazi inayoitwa radoni. Haina harufu, haina rangi, inajaa katika mashimo yasiyo na hewa, na yule anayeivuta miaka mingi anaweza kupata kansere ya mapafu. Vumbi nalo linaingia mwilini kwa pua na kwa kinywa.

Neno hili halikwisha. Mwaka 1960 mugodi ulifungwa na mashimo yakazibwa na betoni. Nyuma ya miaka mingi wachimbaji wa mikono waliingia kutafuta kobalti. Mwezi wa kwanza 2004 serikali ilikataza. Mwezi wa saba mwaka ule ule udongo ulianguka na watu 8 walikufa. Kukataza bila kufundisha hakukutosha.

Mutu atasema: mwenye njaa atachimba hata akijua. Ni kweli, hatubishi. Lakini anayejua ataacha nguo za kazi inje ya nyumba. Atanawa mbele ya kula. Hataruhusu watoto kulala juu ya mifuko. Hataingia katika shimo lisilo na hewa. Na ataweza kuuliza: jiwe hili ni jiwe gani, linaenda wapi, bei yake huko ni ngapi?

Basi, ndugu zetu, tunapokuwa katika somo la kemia ao la fizike tusiseme ni la kupata pwenti tu. Yule anayefahamu anapashwa kurudi nyumbani na kumueleza baba, kaka na jirani, kwa Kiswahili wanachosikia. Tukifunga ujuzi katika kaye, sisi pia tumekuwa makuhani wa Styphon.

Maulizo ya kuzungumza katika klase

1. Kwa nini makuhani walisema baruti ni muujiza?
2. Je, Calvin alifanya vizuri kuficha habari ya mashine? Toa sababu.
3. Uliza wazee wa kwenu: walisikia nini juu ya Shinkolobwe, na walisikia mwaka gani?
4. Ni neno gani ulilojifunza mwaka huu, ambalo mutu wa kwenu anapashwa kulijua na hajaambiwa?