Herufi, Tarakimu na Ritifaa

Kompyuta haitambui herufi kwa umbo lake, bali kwa namba. Katika mfumo uitwao ASCII, ambao ulitolewa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1963 na ambao namba zake zimehifadhiwa katika mfumo mpana wa Unicode, tarakimu 0 hadi 9 zina namba 48 hadi 57. Herufi kubwa A hadi Z zina 65 hadi 90. Na herufi ndogo zina 97 hadi 122.

Kwa mpangilio huo, programu huweza kukagua kama maandishi yana herufi na tarakimu tu. Hatua zake ni hizi:

1. Ikiwa maandishi ni matupu, jibu ni HAPANA.
2. Soma namba ya alama ya kwanza.
3. Ikiwa namba hiyo haimo katika makundi matatu yaliyotajwa, simama. Jibu ni HAPANA. Ikiwa imo, endelea na alama inayofuata.
4. Alama zote zikiisha, jibu ni NDIYO.

Hatua ya kwanza isidharauliwe. Maandishi matupu hayana alama yoyote ya kukataliwa; bila hatua hiyo yangefika mwisho na kukubaliwa.

Tuchukue MTO25. Namba zake ni 77, 84, 79, 50 na 53. Jibu ni NDIYO. Sasa tuchukue Chang'ombe, jina la eneo la Dar es Salaam: 67, 104, 97, 110, 103, kisha 39. Namba 39 ni ya ritifaa, nayo haimo katika kundi lolote. Jibu ni HAPANA, ingawa jina limeandikwa sawasawa.

Kosa si la mashine, bali la swali iliyoulizwa. Katika Kiswahili ritifaa si pambo: ng'oa na ngoa ni maneno mawili yenye maana mbalimbali. Mwenye jina la namna hiyo akilazimishwa kuiondoa alama, jina lake katika orodha halitalingana tena na lile la cheti chake.

Basi ukaguzi huu unafaa kwa namba za usajili na mengineyo yaliyopangwa na watu kwa herufi na tarakimu tu. Majina ya watu na mahali yanahitaji kanuni pana zaidi.

Zoezi: Rekebisha hatua ya tatu ili Chang'ombe likubaliwe, lakini ritifaa isiyo na herufi kabla na baada yake ikataliwe.