SOMO LA UFUNDI: Kufunga Turbo Kwenye Injini Kuukuu ya Kabureta



Katika kila tawi wamo wenzetu ambao wakitoka zamu huvaa ovaroli nyingine na kuingia chini ya gari lao wenyewe. Huyu ana pikapu ya kubebea mboga, yule ana teksi, mwingine ana gari dogo la familia lililopita mikononi mwa watu wanne. Magari hayo mengi yana injini za kabureta. Swali ambalo mafundi hao huulizana ni hili: Je, injini ya namna hii inaweza kufungwa turbo nyumbani ili iongeze nguvu?

Jibu letu ni kwamba inawezekana. Lakini anayefunga turbo bila kuelewa kazi yake huua injini kwa siku chache, na pengine huchoma gari zima. Kwa mfanyakazi ambaye gari ni sehemu ya riziki yake, hilo si jambo dogo. Somo hili lisomwe polepole, ikiwezekana katika kikundi, na wenye uzoefu wa gereji wawasaidie wengine.

1. INJINI NI PAMPU YA HEWA

Nguvu ya injini hutoka kwenye petroli, lakini petroli haiungui bila hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa hiyo kinachopunguza nguvu ya injini ni hewa inayoweza kuingia ndani ya silinda.

Tuchukue injini ya lita 1.3. Kila mizunguko miwili huvuta lita 1.3 za hewa, ikiwa silinda zinajaa kabisa. Kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, huvuta lita 2,600. Hewa hiyo, pwani, ina uzito wa kilo 3 hivi.

Sasa tupeleke gari hilo hilo Kericho au sehemu nyingine ya mashamba ya chai yenye kimo cha mita 2,000. Injini bado inavuta lita 2,600, lakini hewa ya huko ni nyepesi. Presha ya hewa Mombasa ni kama bar 1. Kwenye mita 2,000 ni bar 0.8 tu. Injini imepoteza karibu moja ya tano ya chakula chake. Ndiyo maana gari lililokuwa hodari pwani huhema mlimani, hata kama halina ubovu wowote.

2. TURBO NI NINI

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Feni ya pili, iliyo upande mwingine wa mhimili, hubana hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Moshi ambao ungetupwa bure hufanyishwa kazi. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani Sanford Moss alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,200, akaonyesha kwamba turbo hurudisha nguvu ambayo injini hupoteza kwenye hewa nyepesi. Kwa hiyo tatizo la dereva wa mlimani ni miongoni mwa matatizo ya kwanza kabisa ambayo turbo ilitumiwa kuyatatua.

3. HESABU ISITUDANGANYE

Fundi mmoja atasema: "Nikiongeza presha kwa bar 0.4, nitapata nguvu zaidi kwa asilimia 40." Sivyo. Hewa ikibanwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata joto tunapojaza tairi. Hewa iliyoingia kwenye turbo ikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi hutoka na nyuzi 80 hivi. Hewa ya moto hupanuka. Tukipiga hesabu yote, ile asilimia 40 ya presha hutupa hewa zaidi kwa uzito wa asilimia 20 tu. Rejeta ya kupoza hewa, ikiwekwa kati ya turbo na injini, hurudisha sehemu ya hasara hiyo.

4. MIPANGILIO MIWILI

Mpangilio wa kwanza ni kunyonya: turbo huwekwa baada ya kabureta, ikavuta hewa pamoja na petroli. Kabureta hubaki kama ilivyo, na pampu ya petroli ya zamani hutosha. Lakini una kasoro tatu. Kwanza, kabureta ikifungwa, mvuto huvuta oili kutoka kwenye beringi za turbo, hivyo turbo lazima iwe na sili maalumu ya kaboni. Pili, rejeta ya hewa haifai, kwa kuwa petroli itagandamana ndani yake. Tatu, bomba refu limejaa mchanganyiko unaoweza kuwaka. Injini ikirudisha moto, hatari ni kubwa.

Mpangilio wa pili ni kupuliza: turbo hukaa kabla ya kabureta na kuipulizia hewa. Rejeta inaweza kuwekwa, na petroli haipiti kwenye turbo. Lakini hapa kabureta yote iko ndani ya presha, na mambo haya ni ya lazima:

(a) Tundu la hewa la bakuli la kabureta lazima liunganishwe na presha ya turbo. La sivyo, presha itarudisha petroli nyuma na jeti zitakauka.

(b) Presha ya petroli lazima ipande pamoja na presha ya turbo. Pampu ya kawaida ya zamani hutoa bar 0.2 hadi 0.3 hivi. Turbo ikipuliza bar 0.4, petroli haitaingia kabisa. Inahitajika pampu ya umeme yenye nguvu, pamoja na regyuleta inayohisi presha ya turbo na kuweka petroli juu yake kwa bar 0.25 hivi wakati wote.

(c) Boya lenye uwazi ndani linaweza kubonyea kwa presha, na ekseli ya kilango cha hewa inaweza kuvujisha petroli nje. Vyote vikaguliwe.

5. ADUI MKUBWA: KUGONGA

Katika injini nzima, moto huanza kwenye plagi na kuenea kwa utaratibu. Presha na joto vikizidi, mchanganyiko uliobaki hulipuka wenyewe kwa mara moja. Tunasikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Huko ndiko kugonga. Dakika chache tu za kugonga chini ya turbo hutoboa pistoni au hupasua gaskiti ya silinda hedi.

Injini kuukuu ilitengenezwa bila kufikiria turbo. Kwa hiyo ni lazima tufanye mambo manne. Turbo ibaki chini, bar 0.3 au 0.4, na iwe na mlango wa kupitisha moshi wa ziada ili presha isipande ovyo. Mchanganyiko uwe mzito wakati turbo inasukuma, karibu kilo 12 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza silinda. Cheche icheleweshwe, kanuni ya mafundi ni karibu nyuzi 1 ya mzunguko kwa kila bar 0.07, maana yake nyuzi 5 au 6 kwa bar 0.4. Na plagi ziwe baridi zaidi kwa daraja moja. Injini yenye mgandamizo wa 9 kwa 1 au zaidi ni afadhali ipunguzwe kabla ya kufungwa turbo.

Mfano wa kujifunza uko Marekani. Mwaka 1962 General Motors ilitoa gari la Oldsmobile Jetfire lenye turbo na kabureta. Mgandamizo wake ulikuwa mkubwa, 10.25 kwa 1, kwa hiyo ili lisigonge, lilinyunyiziwa mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye chupa maalumu. Chupa ikiisha, nguvu hupunguzwa. Wenye magari wengi hawakuijaza. Mwaka 1963 gari hilo lilikoma kutengenezwa, na magari mengi yakavuliwa turbo. Mtambo unaotegemea kumbukumbu ya mtu kila siku utaanguka siku mtu huyo atakaposahau.

6. OILI

Mhimili wa turbo huelea juu ya oili. Oili ichukuliwe mahali penye presha, kwa mfano kwenye tundu la swichi ya oili. Bomba la kurudisha liwe pana, literemke bila kupinda juu, na liingie juu ya usawa wa oili iliyomo kwenye sampu. Likiziba au likipanda, oili itapita kwenye sili na gari litatoa moshi wa buluu. Oili ibadilishwe mapema kuliko zamani. Baada ya safari ngumu, injini iachwe ivume polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, la sivyo oili itaungua ndani ya turbo yenye moto.

Tahadhari kwa wanaonunua turbo kwenye vipuri vilivyotumika: nyingi zimetoka kwenye injini za dizeli. Moshi wa petroli una joto kali zaidi, na turbo nyingi za dizeli hazikutengenezwa kulivumilia.

7. USALAMA

Katika kiwanda tunadai vizuizi kwenye mashine. Nyumbani pia tusijisamehe. Pampu ya petroli iwe na swichi ya kuizima yenyewe presha ya oili ikipotea, ili ajali isigeuke kuwa moto. Mabomba ya petroli yawe ya presha, yafungwe kwa klipu nzuri, na yawe mbali na turbo. Bati la kuzuia joto liwekwe kati ya turbo na nyaya. Kizima moto kiwe karibu. Injini isijaribiwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake huua kimyakimya. Na gari lenye nguvu zaidi linahitaji breki nzima zaidi. Kampuni ya bima iarifiwe. Dai linaweza kukataliwa kwa ajili ya badiliko lililofichwa.

8. JE, KAZI HII INALIPA?

Tutazame waliokuwa na viwanda na vipimo vyote. Mwaka 1982 huko Uingereza lilitolewa gari la MG Metro Turbo. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,275 ilikuwa ya ukoo wa zamani, na turbo ilipuliza kupitia kabureta moja ya SU. Metro ya MG isiyo na turbo ilikuwa na nguvu za farasi 72. Yenye turbo ilikuwa na 93. Yaani wahandisi waliridhika na ongezeko la chini ya theluthi moja. Fundi wa nyumbani anayetaka kuongeza maradufu ajiulize anajua nini ambacho wao hawakukijua.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kabla ya kununua turbo, pima mgandamizo wa kila silinda. Rekebisha valvu, badilisha plagi, safisha kabureta. Gari lililopimiwa pwani na kuhamia mlimani hupata petroli nyingi kuliko hewa. Jeti zinazofaa hurudisha nguvu na kupunguza matumizi kwa gharama ndogo. Kumbuka pia kwamba injini nyingi za zamani zilitegemea risasi ndani ya petroli kulinda viti vya valvu. Kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondolewa kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Viti laini vitaliwa haraka zaidi chini ya turbo.

Ikiwa baada ya hayo yote bado unataka turbo, basi itumie kama Moss alivyoitumia: kurudisha kilichopotea. Bar 0.2 tu kwenye mita 2,000 hurudisha zaidi kidogo ya nusu ya upungufu wa hewa, na presha inayoingia kwenye injini haizidi ile ya pwani. Lakini angalia: siku utakapoteremka pwani na gari hilo, turbo itaongeza karibu bar 0.2 ile ile juu ya hewa nzito ya huko. Kwa hiyo cheche na mchanganyiko vipimwe kwa kufuata pwani, si mlima.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kuongeza presha kwa asilimia 40 hakuongezi hewa kwa asilimia 40?
2. Katika mpangilio wa kupuliza, kitatokea nini kama pampu ya petroli haikubadilishwa?
3. Tawi letu liko kwenye kimo gani? Injini zetu zinapoteza kiasi gani cha hewa?
4. Kila mmoja aandike gharama ya turbo pamoja na vifaa vyake vyote, na gharama ya kufanya upya valvu na kabureta. Ni ipi italeta faida mapema kwa mwenye pikapu ya mboga?